Uso wa Bibi Harusi Hauwezi Kusubiri Wiki ya Mwisho

Fungua daftari la maandalizi ya harusi, karibu lolote, utakuta mpangilio uleule. Ukumbi uko juu kwa sababu wengine wanaweza kuulipia kabla yako. Kisha chakula, nguo, muziki, magari, mpiga picha. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka, kuna mistari mitatu: nywele, kucha, meikapu. Na chini ya hiyo, kama karatasi bado ina nafasi, kuna yanayoitwa mambo madogomadogo, yaani kile kitakachoonyesha kwamba harusi hii ni ya watu hawa wawili na si ya wengine.

Ninaamini mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Ukumbi ukikosekana, upo mwingine. Gauni lisipokaa vizuri, fundi atalifumua na kulishona upya usiku kucha. Lakini ngozi haikubali kuharakishwa hata ukiwa na fedha kiasi gani, na vionjo vya kibinafsi havinunuliki siku za mwisho kwa sababu vinatokana na kuwajua watu, kukumbuka na kuamua. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyohitaji muda mrefu kuliko vyote, na ndivyo vinavyoachiwa siku zilizobaki. Tena vyote huharibiwa na kosa moja: kuanzia kwenye picha ya bibi harusi mwingine badala ya kuanzia kwa huyu aliyepo.

Tuanze na mwili, kwa kuwa una kalenda yake ambayo hakuna kamati inayoweza kuibadilisha. Tabaka la juu la ngozi ya kijana hujifanya upya kwa takriban siku 28, na kadiri umri unavyosonga mzunguko huo hurefuka hadi kupita siku 40. Kwa hiyo krimu mpya iliyoanza kupakwa wiki mbili kabla ya harusi haijapata hata mzunguko mmoja wa kuonyesha inachoweza. Imepata muda wa kutosha kuleta mzio tu. Dawa za chunusi kwa kawaida huhitaji wiki 8 hadi 12 ndipo matokeo yaonekane vizuri, na zile za jamii ya retinoidi, zinazotokana na vitamini A, huanza kwa kuikausha na kuibabua ngozi kabla ya kuitengeneza. Madoa meusi yanayobaki chunusi zikipona, ambayo huwasumbua zaidi wenye ngozi nyeusi, hufifia kwa miezi. Nywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Kucha za mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo kucha iliyobabuliwa wakati wa kubandua ya bandia kwa nguvu itachukua takriban nusu mwaka kukua yote upya.

Ukizihesabu tarakimu hizo kurudi nyuma kutoka tarehe ya harusi, utaona kazi ya kweli ya urembo inapoangukia. Mwenye chunusi sugu anatakiwa kumwona daktari wa ngozi miezi sita kabla, na asiyeweza kumpata aanze angalau na utaratibu mmoja usiobadilika wa kunawa, kulainisha na kujikinga na jua. Anayetaka kujaribu kuchubua ngozi kwa kemikali, au kudungwa sindano za kulainisha mikunjo, asifanye hivyo kwa mara ya kwanza harusi ikiwa imekaribia. Sindano za botulinamu hufikia nguvu yake kamili baada ya wiki mbili hivi, na sehemu iliyochomwa huweza kuvilia damu au kuvimba kwa siku kadhaa. Mwezi wa mwisho ni wa kuendelea na kile ngozi imeshakizoea. Rafiki akileta seramu ya ajabu wiki hiyo, pokea kwa shukrani na uiweke kabatini mpaka sherehe ipite.

Kuna jambo ambalo natamani kila anayepanga harusi alijue mapema zaidi ya mengine yote: kujinyima chakula kwa nguvu huja kulipwa kwa nywele. Mwili unapopungua uzito kwa kasi, sawa na unapopitia homa kali au msongo mkubwa wa mawazo, nywele nyingi huingia kwa pamoja katika hatua ya kupumzika, kisha hudondoka miezi 2 hadi 3 baadaye. Piga hesabu hiyo. Anayeanza kujikondesha kwa fujo miezi mitatu kabla ya harusi atakuta kitana kimejaa nywele katika wiki zilezile anazoonana na msusi. Msusi ataongeza nywele za bandia kuziba mapengo na kuzivuta zikaze ili shela ipate pa kushika, na mvuto wa namna hiyo ukirudiwarudiwa hung'oa nywele laini za kingo za paji la uso. Nywele zilizodondoka kwa sababu ya kujinyima kwa kawaida hurudi, lakini hurudi baada ya picha kupigwa. Fundi naye anabaki na gauni alilolipima kwa mwili ambao haupo tena. Na mwenye gauni anafika akiwa na kizunguzungu, siku ambayo atasimama kwa saa nyingi kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

Sina ugomvi na anayetaka kupungua uzito. Nina ugomvi na wanaomwambia bibi harusi, mara nyingi kwa mapenzi ya dhati kabisa, kwamba mwili wake ni tatizo lenye tarehe ya mwisho. Gauni linaweza kushonwa lifuate mwili. Hiyo ndiyo kazi ya gauni.

Suala la kung'aa nalo sitalizungukazunguka. Katika miezi ya maandalizi, mkorogo huingia nyumbani kwa jina la matunzo. Huanza na losheni ya kusawazisha rangi, halafu sabuni ya kung'arisha, halafu kichupa kisicho na lebo alichotoa mtu anayeaminika. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake ya asili, ndiyo maana imewekwa katika sabuni na krimu za kung'arisha kwa miongo mingi. Lakini hupenya ngozi, huharibu figo na huweza kudhuru mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, uliviweka vipodozi hivyo katika orodha ya bidhaa za kuondolewa sokoni. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kile kiasi kidogo kilichokuwa kimevumiliwa, na mwisho uliowekwa ulikuwa mwaka 2025. Bidhaa hizo bado hupita mikononi mwa watu, mara nyingi zikiwa hazina orodha ya viambato, au zikiwa na majina ambayo mnunuzi wa kawaida hawezi kuyatambua, kama kalomeli.

Krimu zenye steroidi kali kama klobetasoli, ambazo ni dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, zinadanganya kwa namna inayomfaa hasa mtu mwenye tarehe kichwani. Wiki za mwanzo ngozi hutulia, hulainika, huonekana safi. Bibi harusi hujitazama kwenye kioo na kuona amepata dawa. Kadiri anavyoendelea, ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, vipele huibuka. Na akiacha ghafla, uso huwaka, huwasha na kuvimba kuliko ulivyokuwa mwanzo. Anajikuta hawezi kuacha wala kuendelea, na wakati mwingine mwezi huo ndio mwezi wa harusi. Wapambaji wenye uzoefu huitambua ngozi ya namna hii wakiigusa tu, kwa sababu fandesheni hukataa kutulia juu yake na poda hujikusanya kwenye mabaka. Shingo, masikio na vifundo vya vidole hubaki na rangi ya asili na kuusuta uso katika kila picha ya pete. Tayari imeshatumika? Basi kinachotakiwa ni daktari, kwa sababu steroidi iliyotumika muda mrefu hupunguzwa kwa utaratibu. Kuikatisha siku moja kwa ushujaa kunaweza kuleta madhara.

Hina nayo inahitaji tahadhari, hata kwa wale wasioiona kama kipodozi. Hina halisi, iliyosagwa kutoka majani ya mmea wa Lawsonia inermis, huacha rangi ya chungwa kwanza na kukolea kuwa kahawia katika saa 24 hadi 48. Ndiyo maana anayeitaka iwe imeiva siku ya harusi huipaka siku moja au mbili kabla. Rangi inayotoka nyeusi tititi papo hapo haitoki kwenye majani hayo. Mara nyingi imechanganywa na parafenilinidiamini, kemikali ya dawa za kutia nywele rangi, na piko la namna hiyo, yaani hina nyeusi, likipakwa moja kwa moja kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge yanayofuata kila ua na kila mstari uliochorwa. Ubaya wake hauishii kwenye mkono. Mwili ukishaijua kemikali hiyo kama adui hauisahau, na mwanamke huyo anaweza kupata mzio mkali miaka mingi baadaye atakapotia nywele zake rangi. Uliza kilichomo, na kama mpakaji hajui, usitoe mkono.

Sasa jaribio la meikapu. Watu wengi hulichukulia kuwa nafasi ya kuangalia kama bibi harusi amependeza, wanapiga picha mbili, wanacheka, wananawa. Kwa maoni yangu hapo wamefanya robo ya kazi. Jaribio la maana hufanywa wiki nne hadi sita kabla, likiwa na saa za kutosha, na uso ule hukaa mpaka jioni. Unatakiwa kuuona ukiwa umekaa na meikapu kwa muda wa saa nane: mafuta yamejitokeza wapi, kope za kubandika zimeanza kunyanyuka kona ipi, rangi ya mdomo imeondokaje baada ya kula. Vaa kitambaa chenye rangi ya gauni karibu na shingo, kwa sababu nyeupe ya theluji na nyeupe ya maziwa huibadilisha ngozi ileile. Jitazame dirishani, chini ya taa ya njano, kisha ndani ya chumba chenye giza mtu akupige picha kwa fleshi.

Hiyo picha ya fleshi si ya mchezo. Baadhi ya poda laini zenye silika, na krimu za kujikinga na jua zenye titani dioksidi au zinki oksidi, hazionekani kwa macho lakini hurudisha mwanga wa fleshi moja kwa moja kwenye kamera. Bibi harusi aliyekuwa mzuri mbele ya kila mtu anatoka kwenye picha akiwa na mabaka meupe chini ya macho, kama aliyefuta unga vibaya. Mpambaji anayejua kazi huijaribu bidhaa mbele ya kamera kabla ya siku. Swali la rangi halisi ya ngozi pia lijibiwe siku hii ya jaribio. Fandesheni sahihi ya mtu huyeyukia kwenye taya na shingo bila kuacha mstari, na aliye na ngozi nyeusi sana au nyekundu kwa ndani anahitaji mpambaji mwenye rangi hizo kwenye sanduku, asiyelazimika kuchanganya mbili akitumaini zitaelewana. Kampuni ya Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, wateja wengi wa ngozi nyeusi waliona kwa mara ya kwanza rafu inayowahesabu. Hakuna udhuru tena wa bibi harusi kufanywa wa kijivu.

Jaribio hilo pia ndipo bibi harusi anapojifunza kusema hapana. Siku ya harusi chumba kina watu wengi, kila mmoja ana maoni, na mwenye uso amekaa kwenye kiti akiogopa kuudhi. Mwezi mmoja kabla, wakiwa wawili au watatu tu, anaweza kusema nyusi zimekuwa nene, au sijitambui, na kazi ikafutwa ikaanza upya. Neno hilo, sijitambui, mpambaji akilisikia asibishane nalo hata kidogo. Si nadra siku hizi mtu kuja saluni na picha yake mwenyewe iliyopitishwa kwenye kichujio cha simu: macho yamepanuliwa, pua imepunguzwa, vinyweleo na vitundu vya ngozi vimefutwa. Mpambaji akijaribu kumfikisha pale, atamfikisha kwa mtu asiyekuwepo, na wageni watatumia dakika za kwanza za sherehe kumtafuta wanayemfahamu.

Hapa ndipo urembo na vionjo vya kibinafsi vinapokuwa jambo moja. Chukua miwani. Mwanamke amevaa miwani tangu shule ya msingi. Mume mtarajiwa hajawahi kumwona akicheka bila miwani. Marafiki humchora akiwa nayo. Ghafla, kwa ajili ya siku moja, anaambiwa aivue. Akiivua haoni wageni wake, anakunja macho kwenye picha, anahesabu ngazi kwa kugusa na mguu. Akikimbilia lenzi za kuweka jichoni bila kupimwa na mtaalamu na bila kuzizoea, anafika akiwa na macho mekundu. Kwa nini asivae miwani yake? Lenzi zikipakwa kinga ya mwako, hazitarudisha sana mwanga wa kamera. Mpambaji akiijua mapema, atakoleza wanja kidogo zaidi kwa lenzi zinazopunguza ukubwa wa jicho, au ataupunguza kwa zile zinazolikuza, na atachagua kope fupi zisizogonga kioo. Huo ni uamuzi mmoja, hauna gharama kubwa, na unabeba utu wa bibi harusi kuliko puto mia zenye jina lake.

Meghan Markle alipoolewa na mwanamfalme Harry wa Uingereza tarehe 19 Mei 2018, dunia nzima ikitazama, meikapu yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba madoadoa yake ya asili usoni yalionekana wazi. Kwenye shela yake yenye urefu wa mita 5 zilitariziwa aina za maua kutoka kila moja ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola za wakati huo. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu familia hiyo. Ninachokitazama ni kwamba wapambaji na wabunifu wake walikuwa na kila kitu duniani cha kumbadilishia uso, wakauacha, na nguvu zao wakazipeleka kwenye kitu ambacho kingekuwa na maana kwake tu na siku ile tu.

Gauni jeupe lenyewe lina historia inayotufaa. Malkia Victoria alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840, bibi harusi wa tabaka lake angeweza kuvaa rangi nyingi, na wanawake wa kawaida walivaa gauni lao zuri kuliko yote, la rangi yoyote, ambalo wangelivaa tena. Victoria alichagua hariri nyeupe yenye lesi ya Honiton iliyofumwa kwa mkono, kazi iliyowapa riziki mafundi wa lesi wa jimbo la Devon, Uingereza, wakati mashine zilikuwa zinawanyang'anya soko. Alitaka lesi yao ionekane. Hakuwa wa kwanza kuolewa kwa nyeupe, lakini michoro ya siku ile ilisambaa, na polepole kile alichokiamua yeye kwa sababu zake kikawa sare ya mamilioni ya wanawake ambao sababu hizo haziwahusu. Na lile ambalo hatukuliiga ni kwamba lesi ile aliitunza na kuivaa tena na tena katika maisha yake.

Anayeipenda nyeupe aivae kwa furaha. Ninachomwomba ajiulize ni kama ameichagua. Swali hilohilo ndilo ninalolitumia kupima kila kitu kinachouzwa kwa jina la kionjo cha kibinafsi. Majina mawili yaliyochapwa kwenye leso za karatasi, kwenye chupa za maji, kwenye zulia na kwenye taa ya ukutani hayawi ya kibinafsi kwa kuwa yamechapwa. Ondoa majina hayo, weka ya wengine, na harusi itaendelea bila mgeni yeyote kugundua. Kitu cha kibinafsi hukwama ukijaribu kukihamisha. Kipande cha gauni la mama kilichoshonwa kwa ndani, upande wa kifua, kwenye gauni la binti hakihamishiki. Barua ya mstari mmoja, iliyoandikwa kwa mkono na kuwekwa kwenye sahani ya mwalimu aliyewalipia ada, haihamishiki. Hata mpangilio wa viti unaweza kuwa wa kibinafsi sana, pale ambapo mtu ameketi na orodha na kukumbuka kwamba mjomba hasikii sikio la kulia, kwamba shangazi hawezi kukaa mbele ya spika, kwamba rafiki aliyefiwa mwezi uliopita asiwekwe meza ya watu asiowajua.

Katika hayo yote, ninalipigania zaidi la MC. Nimeona sherehe zilizopambwa kwa ustadi mkubwa ambamo jina la bibi mzaa mama limetamkwa vibaya mara tatu, na mara ya tatu uso wa yule bibi ukawa umeshafungwa. Dawa yake ni karatasi moja. Andika majina ya watu kumi au ishirini watakaotajwa, yaandike jinsi yanavyotamkwa, weka uhusiano wao na maharusi kwa maneno machache, taja yule ambaye hataki kuitwa mbele, taja aliyefariki ambaye maharusi wangependa akumbukwe na kwa maneno gani. Mpe MC siku saba kabla, mpigie simu ayasome. Hili huchukua jioni moja. Ukumbi mzima hulisikia.

Harufu nayo hudharauliwa, na ni hasara. Mishipa ya kunusa hufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko hisi nyingine, ndiyo maana manukato ya miaka kumi iliyopita yakikupita barabarani hukusimamisha. Bibi harusi na bwana harusi wakichagua manukato mapya, yasiyotumika kabla, na kuyavaa kwa mara ya kwanza siku ile, kila watakapoifungua ile chupa baadaye siku yenyewe itakuwa karibu. Yajaribiwe kwenye ngozi kwa siku nzima kabla ya kununuliwa, kwa kuwa harufu ya dakika kumi za mwanzo si ile itakayobaki jioni. Na kama sherehe ni ya nje, manukato yenye mafuta ya bagamoti, tunda la jamii ya machungwa, yasipakwe shingoni palipo wazi kwa jua. Baadhi ya mafuta hayo yakikutana na jua huacha michirizi myeusi inayokaa miezi.

Bwana harusi naye ana ngozi. Mwenye ndevu za kujikunja anayenyolewa kwa wembe hadi chini kabisa asubuhi ya harusi atafika na vipele shingoni, kwa kuwa nywele zilizokatwa chini ya ngozi hujipinda na kuingia ndani. Anyoe siku moja au mbili kabla, kwa mashine inayoacha kinyweleo kidogo, kwa kinyozi aliyemzoea.

Limebaki la usafi, ambalo aibu hutuzuia kuliuliza. Brashi moja ya maskara iliyopita kwenye macho ya bibi harusi, mpambe, dada na mama mkwe inaweza kuwaachia wote macho mekundu, na rangi ya mdomo inayopakwa moja kwa moja kutoka kwenye kijiti cha wote hubeba virusi vya vidonda vya mdomo. Mpambaji makini huwa na brashi za maskara za kutumia mara moja na kutupa, huikwangua rangi ya mdomo kwenye kibao na kuipaka kwa brashi safi, na hanawi mikono kwa kulazimishwa. Bidhaa ambazo bibi harusi hajawahi kuzitumia, hasa gundi ya kope, zipakwe kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko wakati wa jaribio, na pasubiriwe saa 48.

Na mpambaji aandike. Kila alichokipaka, kwa jina lake kamili na rangi yake, kiwe kwenye karatasi au ujumbe wa simu anaokabidhiwa mpambe kabla sanduku halijafungwa. Itasaidia jioni mtu akitafuta rangi ya mdomo ya kurudishia. Itasaidia zaidi siku mbili baadaye, maana mzio wa ngozi mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, wakati wapambaji wameshatawanyika na maharusi wako safarini, na swali la kwanza la daktari litakuwa ni nini hasa kilipakwa usoni.